Maji ya Moto ya Babu

Hita ya kuogea hutoa sauti ndogo sana inapowaka. Tak. Ni kama mtu amevunja kijiti katika chumba cha pili. Wengi wenu mnaoga kila siku na hamjawahi kuisikia, kwa sababu maji yenyewe hupiga kelele. Mimi naisikia hata nikiwa mbele ya duka nampimia mteja waya.

Nauza vifaa vya umeme na mabomba hapa Same, nyuma ya stendi. Uani tumefunga hita moja ukutani ya kuwaonyesha wateja. Unafungua koki, tak, taa nyekundu inawaka, mvuke unapanda, na mteja anatabasamu kama vile mvuke ule ni wake tayari. Mimi huangalia pembeni. Si kwamba sauti ile inanikera. Ninachokumbuka ni jinsi ambavyo, katika nyumba moja niliyoipenda, jioni baada ya jioni, haikusikika. Wiki iliyopita alikuja mteja aliyenifanya nikae chini niandike haya. Nitamfikia. Kwanza niwapandishe mlimani.

Nilizaliwa Mamba, huko juu kwenye tangawizi. Anayeijua Same kwa jua lake la kukausha mate hawezi kuamini kwamba katika wilaya hii hii kuna watu wanaolala na mablanketi mawili. Juni ikiingia, ukungu ulishuka mpaka jikoni. Nguo zilikaa kwenye kamba siku nzima na jioni zikarudi ndani na maji yake. Kuni mbichi zililia motoni, na sisi tulikaa karibu nazo tukisubiri makande yaive, macho yakitutoka machozi ya moshi, mgongo ukiwa wa baridi na magoti yakiungua.

Babu yangu, mzee Eliakimu, alikuwa mtu wa maji. Ujana wake wote aliutumia kwenye ndiva, bwawa letu la kienyeji linalokusanya maji ya mlimani ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Watu walipoitwa kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mifereji, Babu alikuwa ameshafika na jembe lake begani. Aliyechukua maji nje ya zamu yake alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa na wale wale aliowanyima maji. Babu alituhadithia hilo kwa furaha ya mtu aliyekula nyama nyingi ya namna hiyo.

Bomba lilipofika uani kwetu, likitoka kwenye chemchemi ile ile, Babu hakuona tofauti. Koki aliifungua kidogo tu, maji yakatoka membamba kama uzi, naye akasimama kando ya ndoo kwa subira akisema haba na haba hujaza kibaba. Ukifungua zaidi alikuja nyuma yako, akairudisha koki bila kukugombeza. "Chini yetu kuna watu," ndivyo alivyosema kila mara. Najua watu wa kwingine hutucheka Wapare kwamba mkono wetu ni mgumu. Wacheke. Mkono wa Babu ulikuwa mgumu kwenye koki kwa sababu ya jirani ambaye hata hakuwa anamwona.

Jioni, makande yakishaipuliwa, Mama aliteleka sufuria kubwa jeusi la maji ya kuoga ya Babu. Ndani yake alitia maganda ya tangawizi aliyoyaweka tangu mchana, kwa ajili ya magoti ya mzee. Harufu ile ilitoka jikoni ikavuka ua wote. Aliyamimina kwenye ndoo, akaongeza ya baridi kidogo kidogo, akapima kwa kiwiko, akaipeleka ndoo mpaka mlangoni pa bafu la mabati. Hapo alirudi nyuma, akaangalia pembeni, akasema, "Baba, maji tayari."

Lazima niwaeleze kwamba Mama alikuwa mkwe wa nyumba ile. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe wake hawazoeani. Hawakai benchi moja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa kuzunguka. Mama asingeweza kumwuliza Babu kama maji yalimtosha, wala Babu asingeweza kumwambia kwamba goti la kushoto lilimsumbua usiku. Ndoo ndiyo iliyosema. Siku magoti yalipouma, Babu aliyakamua maganda yale mpaka yakawa makapi, akayaacha ukingoni mwa ndoo. Mama akiyaona, kesho yake aliongeza. Na Babu akiwa ndani aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya sana. Mimi nilijua joto la maji kwa uimbaji wake. Yakiwa ya moto mno, ubeti wa kwanza ulipanda juu kuliko kwaya nzima.

Baba yangu alifariki kabla sijaanza shule, na Bibi alikuwa ametangulia. Tukabaki watatu: Babu, Mama na mimi. Matanga yalipoisha, ndugu walikaa kikao. Baba mkubwa, kaka yake Baba, mwenye kazi nzuri Dar es Salaam, aliuliza kwa upole mkubwa mjane atafanywaje. Maoni yake yalikuwa kwamba Mama arudi kwao Hedaru apumzike, na nyumba pamoja na shamba la tangawizi vibaki chini ya uangalizi wake yeye. Upole wa Baba mkubwa niliujua baadaye. Ulikuwa kama mafuta wanayopaka watu kwenye msumari ili uingie mbaoni bila kupiga kelele.

Babu aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Huyu ndiye anayenipa maji. Anayenipa maji, hapa ni kwake."

Wazee waliitikia na shauri likafungwa. Nawaomba myashike maneno hayo, kwa sababu Baba mkubwa aliyashika. Hakuweza kubishana na baba yake mbele ya ukoo. Alirudi Dar es Salaam akayatafutia jibu, na jibu hilo alikuja kulinunua dukani.

Lilifika Krismasi. Umeme ulikuwa umeshapanda mpaka kwetu, na Baba mkubwa alikuwa amejengesha bafu dogo la vigae lililoshikana na chumba changu. Fundi kutoka Same alivuta waya mnene kuliko wote niliowahi kuona, akaupa saketi breka yake peke yake, akapigilia nondo ya shaba ardhini ili umeme ukivuja uende chini, usimguse mwenye kuoga. Kisha akafunga ukutani kitu cheupe, cha mviringo, kisichozidi bakuli la mboga. Sote tulijazana mlangoni, majirani na watoto wao, na Baba mkubwa akahubiri.

Alisema haina tangi wala haiweki maji. Ndani yake mna koili kama ya jiko la umeme, na maji yanapata moto yakiwa njiani, yanapita tu. Hakuna kuni, hakuna kusubiri, hakuna moshi. Akafungua koki mpaka mwisho. Bomba lilinguruma, nikasikia tak, taa ya sebuleni ikafifia kidogo kama mtu aliyesinzia, na mvuke ukatujaa usoni. Watu walipiga makofi. Nilipenyeza mkono wangu chini ya maji yale na nilifurahi, siwafichi. Nilidhani ni zawadi yetu sote.

Babu peke yake hakuuangalia mvuke. Aliangalia sakafu, pale maji yalipokuwa yanazama kwenye tundu.

"Hayo maji yote yanakwenda wapi?" aliuliza.

Wakacheka. Baba mkubwa akamshika bega, akamwambia apumzike sasa, hatamsumbua mtu tena. Babu akamshukuru mwanawe na kumbariki mbele ya watu. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na ndoo tupu mkononi, akitabasamu kama mtu anavyotabasamu wageni wakiwepo.

Siku zile za sikukuu nilijilaza kitandani mapema kusudi nisikilize ukuta. Baba mkubwa alipoingia, tak. Mama mkubwa, tak. Watoto wao, tak, na vicheko. Wageni walipoondoka akabaki Babu. Jioni nilimsikia akiingia, nikasikia koki ikilia kidogo, nikasikia maji membamba yakidondoka kwenye vigae. Tak haikuja. Wala wimbo haukuja. Kulikuwa na pumzi tu, zile pumzi fupi za mtu anayevuka mto asubuhi.

Mnataka kujua mtoto alifikiri nini? Nilifikiri hita inamheshimu. Nilifikiri mashine imejua huyu ni mkubwa wa nyumba, na akiwa ndani haipigi kelele.

Nilimwambia Mama kwamba siku hizi Babu haimbi. Jioni moja ya masika, mvua ikiwa imetufungia ndani tangu asubuhi, aliliteleka tena sufuria lile jeusi. Maganda ya tangawizi yakarudi, na harufu ikavuka ua. Alinipa ndoo nusu, kiasi cha nguvu zangu, nimpelekee mzee. Babu alikuwa kwenye benchi lake barazani, amejikunja ndani ya koti. Aliiangalia ndoo muda mrefu. Aliinamisha uso juu ya mvuke, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Mwambie mama yako ahsante," alisema. "Lakini mwanangu ametoka mbali kuniletea ile mashine. Majirani wakiona bado nachemshiwa maji, watasema zawadi yake haifai."

"Kwani maji yake ni ya moto, Babu?"

"Yanatosha."

Nikalibeba neno hilo mpaka jikoni pamoja na ndoo. Mama alilipokea, akaenda kumwaga maji yale kwenye shina la mgomba, maganda na yote. Tangu siku hiyo sufuria jeusi lilikaa chini ya uchaga.

Pasaka Baba mkubwa akarudi. Alimwita Mama nje, akakaa kwenye kigoda, Mama akasimama. Nilikuwa nachambua maharage karibu nao na nilisikia kila neno. Alimwambia kwamba mzee sasa hana shida, maji ya moto anayo ukutani, anajitegemea. Alimwambia kwamba yeye bado kijana, asizeekee pale kwa ajili ya ndoo. Mwisho akasema mzee mwenyewe amekubali arudi kwao. Shangazi, dada yake Baba, alikuja kunieleza, nilipokuwa mtu mzima, kwamba asubuhi ile ile Baba mkubwa alikuwa amekaa na Babu na kumwambia kuwa mkwe wake amechoka, anatamani kwenda kwao na anaona aibu kusema. Uongo ulikuwa mwepesi namna hiyo. Alijua wale wawili hawataulizana. Zamani wangeulizana kwa ndoo, lakini ndoo alikuwa ameshaiondoa.

Tuliondoka na mizigo yetu kwenye bodaboda mbili. Babu alisimama mlangoni na fimbo yake. Mama alipiga goti kwa mbali, uso pembeni.

"Baba, tunakwenda."

"Nendeni salama, mama. Usiwe na wasiwasi na mimi."

Babu alidhani anamfungulia mlango mtu aliyetaka kwenda. Mama alidhani amechokwa. Walikuwa wameishi vizuri miaka yote kwa kutosemeshana, na sasa kutosemeshana ndiko kulikowatenganisha. Wengine husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi sijaweza.

Hedaru Mama alianza kuuza chai na chapati kwa madereva wa malori. Vumbi, dizeli, na jua la kutosha kuchemsha mtu. Mtajionea wenyewe kichekesho chake: huko bomba likipigwa na jua mchana, maji hutoka ya moto bila hita, mpaka unayaacha yapoe ndipo uoge. Jioni za kwanza Mama alikuwa anainuka ghafla kando ya jiko la mkaa kama aliyesahau kitu, kisha anakaa tena.

Msimu wa baridi ulipokuwa katikati, dereva wa lori la tangawizi alituletea habari kwamba mzee ana kifua. Tulipopata usafiri wa kupanda, alikuwa ameshafariki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ua na watu wamejifunga vitenge mpaka kichwani. Baba mkubwa alisimama mbele ya waombolezaji, akashukuru, akasema mzee wake hakukosa kitu. "Hata maji ya moto," alisema. "Alikuwa anageuza koki tu."

Mama alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nilimwona akitikisa kichwa kukubali huku machozi yakimtoka. Neno hilo alilichukua akaenda nalo Hedaru, na mpaka leo ndilo analojifutia machozi. Akimtaja Babu, lazima amalizie: angalau maji ya moto alikuwa nayo.

Jioni ya mazishi niliambiwa nikaoge. Niliingia kwenye bafu la vigae, nikafungua koki kama Babu alivyonifundisha, kidogo, kwa ajili ya watu wa chini. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Nikafikiri hata hita ina msiba. Nikajimwagia harakaharaka, nikatoka natetemeka, na hakuna aliyeniuliza, maana kila mtu pale alikuwa anatetemeka.

Miaka ikapita, nikamaliza shule, nikapata kazi hapa dukani. Mwenye duka ni mama mmoja mcheshi asiyependa kuuza kitu ambacho muuzaji wake hakijui. Siku za mwanzo alifungua hita mbele yangu, juu ya meza. Akanionyesha koili, akanionyesha na kipande cha mpira chembamba kinachokaa pale maji yanapoingilia. Maji yakija kwa nguvu, yanausukuma mpira, mpira unabonyeza swichi, umeme unapita. Maji yakiwa machache, mpira hausogei, na hita haiwaki kabisa. Akasema imefanywa hivyo makusudi ili koili isiungue. Kisha tukaenda uani kwenye ile ya kuonyeshea. Akafungua koki kidogo, maji yakatoka membamba kama uzi, kimya. Akafungua yote. Tak.

Nilimwomba arudie. Akarudia, akidhani napenda kujifunza. Nikaaga kwamba naenda msalani, nikakaa nyuma ya rundo la mabomba ya plastiki na kulia mpaka kilemba kikalowa. Mashine ile ilijua kujilinda isiungue. Mzee aliyekuwa chini yake, uchi, magoti yakimuuma, akiyabana maji kwa ajili ya jirani, hakuna aliyemlinda. Masika yote, na baridi iliyofuata mpaka ikamchukua, alioga maji ya mlimani, akasema yanatosha, kusudi mwanawe asiaibike.

Mama sijamwambia.

Sasa mteja wangu. Baba mkubwa amestaafu, amehamia Mamba kwenye nyumba ile. Wiki iliyopita aliingia dukani, mzee mwenye fimbo, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akafurahi kuniona nimekuwa mtu. Alitaka hita. Baridi inakuja na ile ya zamani imekufa.

"Lakini ile niliyomfungia mzee imedumu," alisema, akigongagonga boksi jipya kwa kidole. "Vitu vya zamani vilikuwa imara."

Nilimfungia boksi kwa kamba. Nikamwambia kama ninavyowaambia wateja wote wanaopeleka hita milimani kwa wazee wao: "Baba mkubwa, fungua maji yote. Ukifungua kidogo, haiwaki."

Alicheka. "Hilo nani asiyelijua?"

"Babu."

Cheko likabaki usoni lakini macho yakaondoka. Nilimwona akirudi huko, akiuona ule mkono kwenye koki, mkono ambao hata yeye utotoni uliwahi kuja nyuma yake ukairudisha bila kumgombeza. Nje mpiga debe alikuwa anaita watu wa Moshi.

"Mbona hakusema?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Angemwambia nani, Baba mkubwa?"

Alichukua boksi lake, akalipakata kifuani, akatoka. Sikumsindikiza.

Jioni nilimpigia Mama simu, kama kawaida. Alikuwa anafunga kibanda, nikasikia masufuria. Nikamwambia Baba mkubwa alipita dukani kununua hita, ile ya kwanza imekufa.

"Maskini," alisema. "Ilimtunza sana mzee wetu."

Nikamwambia ndiyo, Mama, ilimtunza.